Kukopa kwa akili au kutokopa kabisa: kipi kinamfaa nani huku Mwanza

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki kwenye kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kirumba, hasa na wadada wanaoanza biashara: dada, nikope au nikomae tu na hiki kidogo changu? Na anayeuliza mara nyingi keshasikiliza kambi zote mbili. Wa kwanza wamemwambia bila mkopo hutoboi, na kwamba ile kadi ya mkopo ya benki ukijua kuitumia ni hela ya bure mwezi mzima. Wengine wamemwambia deni ni kitanzi, kula ulichonacho, ukikosa vumilia. Mi nashika daftari la mhazini mwaka wa 6 sasa na toka kabla ya hapo nachukua dagaa Mwaloni, pale soko la samaki, nauza, nimeona watu wa pande zote mbili wakinyanyuka na nimeona wa pande zote mbili wakikwama vibaya, kwa hiyo sina upande nauuza hapa, nataka tuziweke zote kwenye mzani mmoja afu kila mtu aone wapi pamemkaa.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema kukopa kwa akili namaanisha mtu anayekopa huku anajua anarudisha lini na kwa hela ipi, iwe ni kadi ya benki, Songesha ya kumalizia muamala, mkopo wa simu, kikoba, SACCOS, pikipiki ya mkataba unayoilipia kila siku mpaka inakuwa yako, hata mali kauli pale sokoni (unachukua mzigo, unalipa ukishauza) maana nayo ni deni japo hatuliiti hivyo. Kutokopa kabisa ni yule wa keshi tu, anaweka kibubu, anacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu na wenzake, kisichopo hakipo. Kausha damu siiweki upande wowote. Ile ya kulipa kila siku saa 10 jioni mtu kakusimamia genge lako haimo kwenye ulinganisho huu, ni ya kuikimbia tu.

Nitapima kwa nini

Vitu vitano: gharama yake kwa shilingi (sio kwa asilimia, asilimia inatuficha mengi), kalenda yake na kalenda ya hela yako, siku ya dharura inakuwaje, unakua au unabaki pale pale, na usingizi wako. Cha pili ndo naona watu wanakiruka na ndo kinachowaumiza kuliko vyote, kwa hiyo hapo nitakaa sana.

Gharama

Tuseme umechukua laki moja kwenye simu kwa siku 30 na makato yake ni elfu 10. Unaona sio mbaya. Shida ni kwamba wengi wetu tukilipa tunachukua tena siku hiyo hiyo, maana tukishalipa mfuko umebaki mweupe. Fanya hivyo mwaka mzima umelipa laki na elfu 20 kwa kutumia laki moja ile ile, na bado unadaiwa laki. Ukichukua laki hiyo hiyo kikoba chenye riba ya asilimia 5 kwa mwezi ni elfu 5, na Desemba tukivunja kikoba ile riba inarudi kwenye mgao wetu wenyewe. Mkopo ni ule ule, ila hela ya riba imeenda kwingine kabisa.

Kadi ya mkopo nayo watu wengi hawajui inavyofanya kazi, wanaichanganya na hii kadi ya kawaida ya kutolea hela ATM. Kadi ya kawaida inakata hela yako iliyoko kwenye akaunti. Kadi ya mkopo inakata hela ya benki, wana limiti wamekupa, mwisho wa mwezi wanakutumia taarifa ya ulichotumia na tarehe ya mwisho ya kulipa, ukilipa yote kabla ya hiyo tarehe kwa kawaida hakuna riba kwenye manunuzi. Hapo wako sahihi wanaoisifia. Ila taarifa hiyo hiyo inakuonyesha na kiasi cha chini cha kulipa, na hapo ndo mtego ulipo. Tuseme unadaiwa milioni moja, riba asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini asilimia 5. Unalipa elfu 50 unajiona umetimiza wajibu, kumbe elfu 30 imeenda riba na deni limepungua elfu 20 tu. Na ukitumia kadi hiyo kutoa keshi ATM kwa kawaida riba inaanza siku hiyo hiyo pamoja na makato ya kutolea, zile siku za bure hazihusiki.

Sasa wa keshi wasifurahi mapema, maana kutokopa nako kuna bei, haiandikwi tu mahali. Chukua vijana wawili wa bodaboda pale Buzuruga. Mmoja anaendesha ya mtu, anapeleka hesabu elfu 7 kila siku. Mwenzake kachukua mkataba, analipa elfu 10 kila siku kwa mwaka, jumla milioni 3 na laki 6 na nusu kwa pikipiki ambayo keshi tuseme ni milioni 2 na laki 7. Kazidisha laki 9 na nusu, unaona kapigwa. Ila yule wa hesabu akisema hataki deni, anaweka kibubu ile tofauti ya elfu 3 kila siku, itamchukua siku 900 kufikisha milioni 2 na laki 7, yaani miaka 2 na nusu, na katika siku hizo 900 atakuwa kapeleka kwa tajiri milioni 6 na laki 3. Hana deni la mtu hata senti na kalipa kuliko mwenzake. Nilipoipiga hii hesabu kwenye kikoba mama mmoja alinyamaza kabisa, mwanae yuko kwenye hesabu mwaka wa 4.

Kalenda

Hapa nataka unisikilize vizuri kama hela yako inatoka ziwani kwa namna yoyote ile, hata kama wewe unauza tu chapati pale mwaloni.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa kwenye maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawachota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yako hawaioni kitu, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanarudi kwao Ukerewe ama Sengerema kuona familia. Giza likirudi hela inarudi. Mzunguko huu una siku kama 29 na nusu na hauanzi tarehe 1. Sasa mkopo wa simu unahesabu siku 30 toka saa uliyobonyeza, na mkopo wa benki unadai tarehe ile ile kila mwezi, hivyo kuna mwezi tarehe yako ya kulipa itaangukia giza na una hela, na kuna mwezi itaangukia mbalamwezi na huna kitu.

Mi yalinikuta. Nilichukua laki mbili kwenye apu moja ya mkopo, giza lilikuwa linaelekea mwisho na sikuliangalia hilo, niliangalia bei ya dagaa tu maana ilikuwa imeshuka nikaona ninunue nyingi. Nikaanika. Mvua ikanyesha siku mbili, na dagaa akilowa wakati wa kuanikwa anaharibika rangi, anaanza kunuka, humuuzi tena kwa mtu wa kula, unamuuza kwa wanaotengeneza chakula cha kuku kwa bei wanayoitaka wao. Asubuhi ya kulipa nimesimama mchangani, mitumbwi imepangwa imekauka, hakuna hata mtu anayepiga kelele za mnada, simu inaita na namba siijui. Sio mimi tu waliyenipigia. Walimpigia mpaka shemeji yangu na mteja wangu mmoja mkubwa, namba walizitoa kwenye simu yangu maana wakati nairuhusu ile apu sikusoma nimeruhusu nini. Yule mteja mpaka leo ananilipa kwanza asubiri mzigo baadae, ila kwa wiki kadhaa alikuwa anauliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza.

Sio kwamba mkopo ni mbaya kwa mtu wa dagaa. Deni lenye siku zake ngumu halikai vizuri kwenye hela yenye mwezi wake. Mali kauli inakaa vizuri kwa sababu unalipa ukishauza. Kikoba kinakaa vizuri kama katiba yenu inaruhusu marejesho ya miezi mitatu, sisi tunaruhusu, na tulifika hapo baada ya kugombana sana.

Upande wa wasiokopa hapa wana raha yao halali kabisa. Mbalamwezi haiwadai. Wanakula kidogo, wanasubiri. Ila na wao kalenda inawashika kwingine: bei ya dagaa ikishuka giza likiwa limekolea, siku hizo tatu nne za kununua mzigo, wao hela yao iko kwenye mchezo na zamu yao bado wiki sita. Na kuhusu mchezo niseme kitu, wengi wanaapa hawajawahi kukopa na wanacheza mchezo. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake wote, anayepokea wa mwisho ndo kaweka akiba. Ni deni lisilo na riba, zuri tu, ila ni deni, na ukipokea kwanza ukaacha kutoa utajua kama ni deni au la.

Dharura

Mtoto kazidiwa saa 8 usiku mnakimbia Bugando. Msiba Magu, gari inaondoka asubuhi na nauli ya watu watano huna.

Mwenye akiba asiyekopa hapo ndo anashinda wote, hana meseji ya kutuma, hana anayemuomba. Asiyekopa na asiye na akiba ndo namuonea huruma kuliko mtu yeyote, kwa sababu huyo atakopa tu usiku ule, na atakopa kwa haraka, popote, kwa masharti yoyote. Wengi waliodakwa na kausha damu ninaowajua walikuwa watu waliojisifu hawakopi.

Anayekopa kwa akili anafaidika hapa kama tu aliacha nafasi. Limiti ya kadi ambayo haijaguswa, hisa za kikoba ambazo hujazikopea bado. Kwetu mtu anaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, na nawaambia kila siku msiimalize yote kwenye biashara. Ukishaijaza limiti yako kwenye friji na simu mpya, siku ya Bugando una deni na huna pa kukopa.

Halafu mfuko wa jamii, ile buku au buku mbili ya kila mkutano ya kusaidiana kwenye shida. Unawafaa wa pande zote mbili, na wa keshi kabisa nao waingie kikoba hata kwa ajili ya huo tu, hakuna anayekulazimisha kukopa.

Kukua

Nimeshasema ya bodaboda. Kwa ujumla mkopo unakuza kama ulichonunua kinaleta hela kabla deni halijaisha: cherehani, jokofu la kuuzia samaki, mzigo wenye mteja tayari. Haukuzi kwenye sare ya harusi.

Asiyekopa anakua taratibu ila mara nyingi alichonacho ni chake. Nyumba nyingi unazoziona Buhongwa na Kisesa zimejengwa hivyo, kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali zinakaa zinaota majani miaka mitatu. Watu wanazicheka hizo tofali na mi siwezi kuzicheka, hakuna barua ya mnada itabandikwa pale.

Kuna deni moja la ziwani la kuangalia kwa macho mawili, lile la mvuvi kupewa nyavu, mafuta au mashine na mnunuzi kisha samaki wote anampelekea yeye. Hakuna riba kwenye karatasi. Riba iko kwenye bei, anakununulia chini ya wengine kila unapotua na huruhusiwi kuuza kwingine mpaka umalize, na mara nyingi kabla hujamaliza wavu umeshachanika unachukua mwingine. Uliza bei ya wengine mwaloni siku hiyo hiyo, toa bei anayokupa yeye, tofauti hiyo izidishe kwa kilo zako za mwezi, hiyo ndo riba yako.

Na kabla hujaenda kwa mtu binafsi ulizia halmashauri, Ilemela au Nyamagana ulipo. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Usumbufu wake ni vikao na makaratasi na kusubiri, na lazima muwe kikundi kinachoeleweka. Kwa mtu ambaye imani yake haimruhusu riba, hela hii ya halmashauri na mali kauli na mchezo zinamtosha kwenda mbali sana.

Usingizi

Kila mtu anajijua. Kuna watu wakiwa na deni la elfu 50 hawali, na kuna wenye deni la milioni 5 wanakoroma. Ukiwa wa kwanza usijilazimishe, afya yako nayo ni mtaji.

Tatu tu hapa. Ukikopa kwa mdhamini umekopa na usingizi wake, nimeona shemeji na wifi wasiosalimiana kanisani kwa sababu ya laki tatu. Usimpe mtu yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri eti ndo dhamana, nimeona walimu wanaenda kuomba hela ya mboga kwa mtu aliyeshika kadi yao. Na kabla ya kushusha apu yoyote angalia kama ina kibali cha Benki Kuu, Novemba 2024 walitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila kibali. Upande wa kutokopa hapa sina la kuongeza, wanalala.

Kwa hali yako

Mwajiriwa, mwalimu au nesi, mshahara unaingia tarehe zinazoeleweka: kukopa kwa akili kunakukaa vizuri kuliko sisi wote kwa sababu kalenda zenu zinaongea lugha moja. SACCOS ya kazini kwanza. Kadi ya mkopo kama unaweza kuilipa yote kila mwezi, ukishalipa kiwango cha chini miezi miwili mfululizo irudishe. Kama una deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu kumbuka asilimia 15 ya mshahara inakatwa tayari, na usisubiri mpaka ile theluthi moja ya mshahara inayotakiwa kubaki ndo ikuzuie, ukifika hapo umeshachelewa.

Kama unaitaka kadi ya mkopo kwa sababu tu unataka kununua vitu mtandaoni, huihitaji. Kadi ya M-Pesa Visa unaiwekea hela yako mwenyewe unanunua, hakuna deni.

Mama wa genge au chapati anayeanza: miezi mitatu ya kwanza usikope, hata tukikubembeleza kwenye kikoba. Hujajua bado siku gani inauza na siku gani hailipi. Nunua hisa, jaza kibubu, baadae chukua kidogo kwa kitu kimoja.

Kijana wa boda: mkataba unaweza kuwa na faida kuliko hesabu, ila soma. Kadi ya pikipiki itaandikwa jina la nani na lini, ikiharibika injini nani anatengeneza, ukiumwa wiki mbili inakuwaje, ikiibiwa inakuwaje. Kuna wanaonyang'anywa mwezi wa 10 na hawarudishiwi hata mia. Kama mwenye pikipiki hataki kuandika haya mbele ya mwenyekiti wa mtaa, baki kwenye hesabu na weka ile elfu 3.

Uliyebanwa tayari, unakopa apu hii kulipa ile: kwako hakuna kulinganisha kwa sasa, hamia kambi ya kutokopa mpaka umalize. Anza na lenye makato makubwa, nenda mwenyewe kwa wanaokudai kabla hawajakufuata, na mwambie mtu mmoja nyumbani ukweli wote.

Na wewe wa dagaa, mvuvi, mchuuzi, muanikaji, ambaye hujui bado uko wapi: nunua daftari la buku. Kila siku andika tarehe, hela iliyoingia, na pembeni chora mwezi ulivyo, mduara mtupu kama ni giza, uliojaa kama ni mpevu. Fanya hivyo mizunguko miwili. Halafu njoo nalo mkutanoni Jumamosi, tutaliweka mezani pamoja na karatasi ya mkopo unaoutaka, tutaona tarehe zake za kulipa zimeangukia kwenye miduara ipi.